Kabla ya kusoma jeni za welwitschia, soma miamba

Wanafunzi wa botania wakinijia na hamu ya kuchunguza jeni za welwitschia, ule mmea wa Jangwa la Namib wenye majani mawili tu maisha yake yote, huwa nawatuma kwanza kwenye ramani za miamba na mito mikavu ya Namibia na Angola. Maabara baadaye.

Jenomu ya mmea huu, yaani DNA yake yote kwa ujumla, ilichapishwa mwaka 2021. Inaonyesha kwamba takriban miaka milioni 86 iliyopita ilijirudufu yote kwa mkupuo, wakati Atlantiki ikizidi kupanuka kati ya Afrika na Amerika ya Kusini. Visukuku vya jamaa zake vimepatikana Brazili, katika miamba ya kale zaidi ya hapo. Ukoo huu basi haukuzaliwa jangwani. Jangwa ndilo lililoufuata.

Kinachonivutia kuliko vyote ni cha karibuni zaidi. Kati ya miaka milioni moja na mbili iliyopita, ukame ulipokaza, vipande vya DNA vinavyojinakili vilizagaa ndani ya jenomu. Mmea ukavinyamazisha kwa kuvibandika alama za kikemikali, na kadiri miaka ilivyopita alama hizo zikasababisha herufi C nyingi kugeuka T, kati ya herufi nne za DNA: A, C, G na T. Kwa hiyo ukikuta C na G ni chache mno kwenye matokeo yako, usikimbilie kulaumu mashine. Ukame wa kale umeacha alama zake humo.

Ukifika uwandani, fuata maji hata kama hayapo. Mbegu zina mabawa membamba kama karatasi. Upepo huzisukuma, na huota pale tu mvua inapozidi kawaida. Mimea iliyojipanga kwenye korongo moja huenda ni ndugu wa msimu mmoja, kwa hiyo usikusanye sampuli zote hapo ukadhani umepata picha ya eneo zima. Vuka kilima, ingia bonde la pili. Andika kama mmea ni dume au jike, kwa kuwa jinsia zimetengana. Na kumbuka kwamba baadhi ya mimea hiyo ina zaidi ya miaka 1,000: hali ya hewa unayoipima leo siyo iliyoichipusha.

Litazame jani lenyewe kwa makini. Ncha yake ni ya kijivu, imekauka na kuchanika kama utepe. Hapo usihangaike kutafuta DNA nzuri. Karibu na shina ni kijani na gumu. Kata kipande kidogo kwenye kijani, ila uache nafasi ya kutosha kutoka kitako, maana jani hukulia hapo na ukipajeruhi hakuna jani jingine litakalochukua nafasi yake. Kipande kitie mara moja kwenye silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu.

Kibali kishughulikie mapema sana. Mmea huu umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na hata kipande kidogo cha jani hakivuki mpaka bila karatasi zake.