Majina yanayotoka FÃ©licitÃ©: soma baiti kabla hujagusa kitu

Mkuu, umesema orodha ya wanafunzi wenu inatoa Félicité kama FÃ©licitÃ© na Wangarĩ kama WangarÄ©, mengine yana alama za kuuliza katikati, na kwamba ndani ya mfumo wa zamani majina yote yalionekana sawa mpaka mlipohamia seva mpya. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uandike skripti ya kubadilisha Ã© iwe é, kisha Ä© iwe ĩ, hivyo hivyo mpaka ziishe. Nakuomba usifanye hivyo bado. Nimesafisha hifadhidata za namna hii kwa miaka, zenye majina ya Warundi, Wakongo na Wakenya, na nimeona data nyingi zikipotea kwenye ukarabati kuliko kwenye tatizo lenyewe.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na usimbaji ndio mkataba wa namba ipi ni herufi ipi. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi leo, é ni baiti mbili: C3 na A9 (baiti ni namba moja kati ya 0 na 255, hapa imeandikwa kwa tarakimu mbili za heksadesimali). Programu inayodhani inasoma Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows, inahesabu kila baiti kuwa herufi kamili. Kwake C3 ni Ã na A9 ni ©, basi unapata Ã©. Herufi ĩ ni C4 A9, ndiyo maana inatoka Ä©, na ũ ni C5 A9, inatoka Å©. Kwa hiyo ukiona Ã©, Ä© au Å©, herufi ya asili bado ipo. Hakuna kilichopotea, imesomwa kwa mkataba usio wake.

Alama ya kuuliza ni habari nyingine kabisa. Windows-1252 haina ĩ wala ũ, hivyo mahali fulani njiani jina lililazimishwa kuingia humo, herufi ikakosa nafasi, ikaandikwa "?" halisi. Hiyo hairudi kwa amri yoyote. Kuna pia ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, �. Hapo programu ilitarajia UTF-8 ikakutana na baiti isiyoeleweka, mara nyingi E9, ambayo ni é ya Latin-1, usimbaji wa zamani unaokaribiana na Windows-1252. Kama faili la asili lipo, lisome upya kama Latin-1 na é itarudi. Kama mtu ameshalihifadhi likiwa na almasi, imekwisha.

Macho peke yake hayatoshi kutofautisha haya, kwa sababu hata skrini yako ina mkataba wake. Iulize hifadhidata yenyewe; HEX huonyesha baiti zilizohifadhiwa:

SELECT jina, HEX(jina) FROM wanafunzi WHERE jina LIKE 'F%';

Ukiona C3A9 mahali pa é, jina ni salama na kosa liko kwenye kuonyesha au kwenye faili ulilotoa. C383C2A9 maana yake limesimbwa mara mbili. 3F ni alama ya kuuliza, EFBFBD ni almasi.

Kwa maelezo yako nina dau kubwa kwamba utakuta C383C2A9, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Programu ya zamani ilituma UTF-8, lakini muunganisho wake na MySQL, programu ya hifadhidata, ulitangazwa kuwa latin1. MySQL ikaamini. Ikachukua C3 na A9 kama herufi mbili, ikazigeuza kila moja kuwa UTF-8, ikahifadhi baiti nne badala ya mbili. Wakati wa kusoma, muunganisho ule ule wenye kosa ukazirudisha kinyume, na mtumiaji akaona Félicité safi. Makosa mawili yakafutana kwa miaka. Seva mpya ilipokuja na muunganisho sahihi wa utf8mb4 (jina la MySQL kwa UTF-8 kamili), kosa moja likaondoka, lililobaki likaonekana. Seva mpya haijaharibu kitu, ndiyo ya kwanza kusema ukweli.

Kutokana na hilo, usirekebishe data huku programu ya zamani ikiendelea kuandika. Izime kwanza, au itangazie utf8mb4 saa ile ile unayorekebisha, la sivyo inaongeza majina mabovu nyuma yako. Andika utf8mb4, si utf8 tupu, maana ile utf8 ya MySQL inaishia baiti tatu.

Kisha, kwenye nakala ya hifadhidata na si kwenye ile inayotumika:

UPDATE wanafunzi SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) REGEXP '^(..)*C38[345]';

Hicho kipande cha WHERE usikiache. Majina yaliyoingizwa baada ya kuhama tayari ni sahihi, na ukiyapitisha kwenye latin1, kila ĩ na ũ iliyo sawa inageuka "?" papo hapo. Nimeitwa kwenye ofisi ambapo fundi aliendesha amri kama hii bila WHERE, tena mara mbili kwa sababu ya kwanza "haikumaliza". Majina ya Kikuyu yaliyokuwa mazima yote yakaliwa, na hawakuwa na nakala.

Kama unafanyia kazi faili badala ya hifadhidata, Python inatosha: jina.encode('cp1252').decode('utf-8'), ambapo cp1252 ni Windows-1252. Ila usiite strip(), inayokata nafasi za mwanzoni na mwishoni, kabla ya hapo. Herufi à ni C3 A0, na A0 ikisomwa vibaya inakuwa nafasi isiyoonekana. Ikiwa mwishoni, strip() inaikata na unabaki na Ã isiyo na mwenzake.

Excel nayo ichunge. Ukibofya mara mbili faili la CSV la UTF-8 lisilo na BOM mwanzoni (baiti chache zinazotambulisha usimbaji), Excel kwenye Windows hulisoma kwa usimbaji wa mashine, na katibu anaona Ã© hata kama hifadhidata ni safi. Akihifadhi juu yake, kosa linaweza kuingia ndani ya faili lenyewe. Toa mafaili yako kwa 'utf-8-sig', yaani UTF-8 yenye BOM, na shida hiyo inaisha.

Kwa nini hakuna aliyeliona mapema? Kwa sababu tunajaribu mifumo yetu kwa Juma na Asha. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za ASCII (A hadi Z zisizo na alama juu yake), na UTF-8, tangu Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni mwaka 1992, inaziacha baiti za ASCII kama zilivyo. Juma ni yule yule katika mikataba yote, hivyo jaribio linapita. Hata hivyo nasi hatujasalimika: simu na Word hupenda kugeuza kile kikoma cha ng'ombe kuwa ’ iliyopinda, ambayo ni E2 80 99, na ikisomwa vibaya unapata ngâ€™ombe. Akina Ng'ang'a na Ng'wandu wanalijua hili kwenye vitambulisho vyao. Tafadhali weka Wangarĩ, Félicité na Ng’ang’a kwenye data zako za majaribio leo.

Kwa yale yenye "?" halisi, rudini kwenye fomu za karatasi, hata kama ni mengi. Msikisie. Gak?ra inaweza kuonekana rahisi kwa mtu wa Nairobi, lakini jina litakalochapwa kwenye cheti ni la mtu, na yeye ndiye wa kuulizwa linaandikwaje.

Nitumie HEX za safu tano: mbili zenye Ã, mbili zenye alama ya kuuliza, na moja iliyoingizwa baada ya kuhama. Ficha majina, hizo baiti za herufi yenye tatizo zinanitosha. Na usiendeshe UPDATE yoyote kabla hatujaziona.