Wamezoea ukame, lakini si huu

Ndugu uliyeuliza kama wafugaji wa jangwani "si wamezoea ukame": wamezoea, ndiyo, ila ukame wenye mwisho. Wagabra wanaoishi kandokando ya jangwa la Chalbi, Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wanajua kuvumilia msimu mmoja au miwili bila mvua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe na kondoo walitangulia kufa. Ngamia, anayefikia majani ya juu mitini, alistahimili zaidi, ila maziwa yakapungua, na hapo ndipo watoto wanapoumia. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mafuriko! Kuhama, dawa ya wazee, siku hizi kunakutana na bunduki na visima vyenye wenyewe.