Nipunguze nyuzi 1 ya Farenhaiti: ni Selsiasi ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ina feni na inaonyesha Selsiasi, nimeiweka 37.5. Kijitabu chake kinasema siku 3 za mwisho nipunguze joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti. Simu inaniambia nyuzi 1 ya Farenhaiti ni -17.2 za Selsiasi. Aliyeniuzia anasema nipunguze 1 hiyo hiyo, eti nyuzi ni nyuzi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize yeyote kati yao. Gawa kwa 1.8: nyuzi 1 ya Farenhaiti ni kama 0.56 ya Selsiasi. Teremsha mashine hadi 36.9, uiache hapo.

Simu haikukosea hesabu, ila imejibu swali ambalo hukuuliza. Wewe unataka kujua joto lishuke kiasi gani. Yenyewe imekueleza baridi ya mahali penye nyuzi 1 ya Farenhaiti, ambapo maji ni barafu tupu. Ili kupata -17.2, simu ilitoa 32 kwanza ndipo ikagawa kwa 1.8. Hiyo 32 ipo kwa sababu vipimo hivi havianzi sifuri mahali pamoja: maji yanapoganda, Selsiasi inasoma 0, Farenhaiti 32. Mashine yako ya 37.5 ni 99.5 kwa Farenhaiti, na ukipunguza 1 inakuwa 98.5. Ukitoa 98.5 kwenye 99.5, 32 iliyomo katika kila moja inajifuta. Kinachobaki ni ukubwa wa hatua tu, na toka maji kuganda hadi kuchemka Selsiasi ina hatua 100, Farenhaiti 180.

Muuzaji wako ndiye anayenikera zaidi. Kwa "nyuzi ni nyuzi" yake ungeshusha joto karibu mara mbili ya inavyotakiwa, wakati kifaranga anahangaika kutoboa ganda. Anayeuza mashine ya joto bila kujua kupima joto asitoe ushauri wa mayai ya watu!

Na kosa hili haliishii bandani. Friji ya chanjo hutakiwa kukaa kati ya 2 na 8 za Selsiasi. Upana huo wa nyuzi 6 ni 10.8 za Farenhaiti, lakini mtu anajumlisha 32 anaandika 42.8. Ongezeko la joto la dunia la 1.5 za Selsiasi linalotajwa katika Mkataba wa Paris wa 2015 ni 2.7 kwa Farenhaiti, si 34.7. Kwa Kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi, badiliko ni lile lile la Selsiasi. Anayeongeza 273 ameharibu. Programu za simu hazitakuonya. Ukiambiwa joto lenyewe, kama "weka 98.5", toa 32 kisha gawa kwa 1.8. Ukiambiwa kupandisha au kushusha, gawa tu.