Jibu: Kioo cha duka na lipu ya saruji Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kubomoa ukuta wa mbele wa duka lako la Mji Mkongwe, Zanzibar, uweke kioo kizima, na kama lipu ya saruji itamaliza unyevu.

Ukuta usiuguse. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, hauna nondo ndani, na vichwa vya boriti za ghorofani vimeulalia. Ukitoboa uwazi mpana, boriti zinakosa pa kukaa. Kioo kitie ndani ya uwazi wa mlango uliopo, nyuma ya mbao: mchana unafungua milango, bidhaa zinaonekana, usiku unafunga.

Saruji ndiyo itakayokutia hasara. Unyevu hupanda kutoka chini na hutokea usoni mwa ukuta. Saruji huuzuia, chumvi hujikusanya nyuma yake, kisha lipu huvimba na kuanguka vipande na jiwe linamomonyoka. Bandua lipu yote iliyopo, acha ukuta ukauke, piga chokaa iliyorowekwa: debe 1 kwa madebe 3 ya mchanga usio wa pwani. Tabaka lisizidi sentimita 1, na ulirashie maji siku kadhaa. Mafundi wenye haraka huongeza saruji kidogo "ishike", kataa. Juu pakaa chokaa, si rangi ya mafuta.

Kiyoyozi kiweke uani, maji yake yasidondokee ukutani.

Kabla ya yote peleka michoro Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba ikiwa ya wakfu, anza na Kamisheni ya Wakfu, maana mpangaji peke yake hana kauli.