Taa yako ifuate taa ya pale: kupiga watu picha kazini kwao hapa Mombasa

Jarida likikutuma umpige picha fundi wa milango kule Mji wa Kale, au hoteli ya Nyali ikitaka picha ya meneja wao kwa ajili ya tangazo, ukifika pale usikimbilie kufungua begi la taa. Zunguka kwanza. Kaa kama robo saa hivi bila kamera, angalia mwanga unaingilia wapi, unagonga ukuta gani, unarudi na rangi gani. Kazi hii naifanya hapa hapa Mombasa na jambo naloliamini kuliko yote ni kwamba taa unayoileta wewe lazima ifuate taa iliyokuwepo kabla hujaja. Mlango uko kushoto, basi flashi nayo itoke kushoto. Kuna balbu inaning'inia juu ya jiko, flashi itoke juu. Ukienda kinyume mtu anaonekana kama alipigwa picha kwengine akaja kubandikwa hapo, na msomaji hata kama hajui lolote la kamera atahisi kuna kitu hakiko sawa.

Zamani pale Likoni karibu na feri kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda na mapazia yaliyochorwa meli na ndege, mtu anasimama mbele ya ndege anapigwa. Wao walimletea mtu mahali. Sisi kazi yetu ni kumfuata mtu mahali pake, na mahali hapo pawe na sauti ndani ya picha. Anayetajwa sana kwa picha za aina hii ni Mmarekani Arnold Newman. Mwaka 1946 alimpiga mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, akamweka kwenye kona ya chini ya picha, kifuniko cha piano kikachukua karibu nafasi yote iliyobaki. Jarida lililomtuma liliikataa, na leo ndo picha yake inayojulikana zaidi. Alafu 1963 akampiga Alfried Krupp, tajiri wa viwanda wa Ujerumani aliyehukumiwa Nuremberg kwa kuwatumikisha watu kama watumwa wakati wa vita, akamwekea mwanga pande zote mbili za uso na katikati pakabaki kivuli, ukiitazama unaogopa. Alifanya vile makusudi. Kwa hivo jua kwamba upande unaoweka taa unasema kitu kuhusu yule mtu, na mama anayekaanga mahamri alfajiri hujaitwa kwenda kumhukumu.

Sasa kamera. Vijana wengi huuliza "settingi gani?" na mimi huwaambia shikeni mfuatano wa hatua, namba zitakuja zenyewe. Zima flashi. Tafuta kipimo kinachofanya nyuma papendeze, labda pawe na giza kidogo kuliko unavyopaona kwa macho, na mtu akiwa kivuli mbele yake wala usijali. Hapo sasa washa flashi kwa ajili ya mtu. Flashi inawaka muda mfupi mno hivo kasi ya shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga, haiipunguzi, shata inatawala mwanga wa pale tu lakini apacha, lile tundu la lenzi, inatawala vyote viwili. Ukitaka nyuma pawe giza zaidi bila kumgusa mtu, ongeza kasi ya shata, toka 1/60 ya sekunde hadi 1/125, ila usipite 1/200 au 1/250 kutegemea kamera yako maana ukizidisha hapo unapata ukanda mweusi kwenye picha. Ukitaka abadilike mtu peke yake, punguza nguvu ya flashi au isogeze. Na kusogeza kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani, ukiitoa mita 1 ukaipeleka mita 2 mwanga unaomfikia mtu unabaki robo, sio nusu. Vyumba vyetu ni vidogo kwa hivo hii utaitumia kila siku: taa ikiwa karibu sana na mtu, ukuta wa nyuma unazama gizani, taa ikiwa mbali mtu na ukuta wanapata karibu sawa.

Karakana nyingi za Mji wa Kale na Majengo zina mlango mmoja mpana mbele na ndani ni giza. Hapo napenda fundi akae hatua mbili tatu ndani ya mlango, ubavu wake kwenye njia, na ule mlango anaouchonga uwe nyuma yake au mkononi. Vile vichochoro ni vyembamba, jua likipiga ukuta wa chokaa wa upande wa pili linarudi laini kabisa, ni mwanga mzuri ambao hukuulipia. Lakini angalia rangi! Jirani akiwa ametundika turubai la buluu uso wa fundi nao unaingia ubuluu na hakuna atakayejua umetoka wapi. Mwanga ukiwa hautoshi weka flashi nje kando ya fremu ya mlango, juu kidogo ya kichwa, ipite kwenye mwavuli mweupe, nguvu ndogo tu kama 1/8 ya nguvu yake yote, anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), apacha f/4, shata 1/125 alafu rekebisha. Lenzi ya 35mm inatosha kuonyesha vifaa na vumbi la mbao, ila uso usikae pembeni mwa picha maana unavutika.

Kwa mama wa mahamri mambo ni mengine. Pale kuna balbu ya manjano, kuna moto, na nje kunaanza kupambazuka. Flashi yako ni nyeupe ya mchana, kama 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikishuka mwanga unakuwa wa machungwa), balbu iko chini huko 3000K, ukiziacha hivo uso utakuwa mweupe wa hospitali na ukuta wa machungwa. Bandika ile karatasi ya rangi ya machungwa juu ya flashi, wapiga picha twaiita jeli, kisha kwenye kamera chagua kipimo cha rangi cha balbu. Uso na ukuta vinakubaliana, na ile alfajiri mlangoni inageuka buluu yenyewe, napenda sana picha ikifika hapo. Moshi nao, ukiupiga taa kutoka mbele unapotea, mwanga ukitoka nyuma yake ndo unaonekana unapanda. Na uwe umeshafunga stendi mapema, maana huku karibu na ikweta jua linapanda wima wima, ule mwanga wa buluu hauchukui zaidi ya dakika 20 hivi ushakwisha, na mama hawezi kusimamisha karai kwa ajili yako, wateja wako foleni.

Jua la mchana ni mtihani. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivo mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi kabisa, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili. Klayenti wa kutoka Nairobi atakwambia saa 6 mchana ufukweni kwa sababu ndo nafasi ya meneja. Piga hesabu umuonyeshe: jua kali, ISO 100, shata 1/200, apacha itakwenda kwenye f/11 na zaidi, yaani tundu dogo, na flashi ndogo ikiwa ndani ya softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, haifui dafu hapo. Ama uwe na taa kubwa ya 400 au 600Ws (kipimo cha nguvu ya flashi), ama umtoe juani umweke chini ya makuti bahari ikiwa nyuma, ama mngoje saa 10 jioni. Mimi humpigania saa 10. Tena mweleze mapema kwamba fukwe zetu za Nyali na Bamburi zinatazama mashariki, jua halizamii baharini huku, linachomoza baharini. Akitaka jua na bahari pamoja basi aamke, saa 12 asubuhi meneja awe ameshavaa suti.

Upepo usiudharau, hasa kusi. Softiboksi kwenye stendi ni tanga, inataka kwenda. Beba mifuko mitupu ujaze mchanga huko huko, au mtu aishike. Na kamera ikitoka kwenye gari lenye AC iache ndani ya begi nusu saa, lenzi ikiingia ukungu wa joto hili kuipangusa hakusaidii. Chumvi ifute siku hiyo hiyo.

Kuhusu ngozi nataka nikae kidogo, maana hapa ndo watu wetu wanadhulumiwa kwenye majarida. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe wa chokaa itapunguza mwanga na uso utapotea. Akiwa na kanzu nyeupe ndo zaidi. Pima kanzu isiungue, nyuzi zionekane, alafu urudishe uso kwa taa au kwa shuka jeupe lililoshikwa chini ya kifua. Ngozi nyeusi inapendeza kwa ule mng'ao wake, usiuondoe, ufanye mpana tu: taa kubwa iliyo karibu inatoa mng'ao laini unaoonyesha umbo la shavu, taa ndogo ya mbali inatoa vidoa vikali kama jasho. Jasho lenyewe lipanguse kwa tishu, poda nyeupe usimpake mtu. Mama akiwa na buibui jeusi na nyuma yake kuna giza, weka mwanga mdogo kutoka nyuma upande mmoja, unachora ukingo wa bega na mtandio, yule mtu anatoka kwenye giza. Na kwenye picha za baada ya kazi usimng'arishe rangi hata klayenti akiomba, mwambie hapana kwa heshima.

Ukifika piga hodi, salimia, wazee wape shikamoo yao, ukikaribishwa kahawa uinywe. Ijumaa usipange kazi adhuhuri, watu wako msikitini, na maduka mengi ya Mji wa Kale mchana yanafungwa hadi alasiri. Msaidizi wa kike ni muhimu ukienda kupiga wanawake majumbani, kuna vyumba wewe mwanamume hutaingia na hilo wala si la kubishana. Kivukoni na bandarini usitoe kamera bila ruhusa ya maandishi. Mtu akiganda, mpe kazi yake, mwambie "Mzee, endelea tu kuchonga," baada ya muda anakusahau, kisha mwite kwa sauti ya chini atazame. Hapo ndo picha.

Jarida litataka picha iliyosimama wima na iliyolala kwa upana, piga zote, acha nafasi tupu juu ya kichwa kwa jina la jarida, na ya kurasa mbili uso usikae katikati, utamezwa na mkunjo.

Na makaratasi, tafadhali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza mpaka muwe mmekubaliana vingine. Wengi wetu hatulijui hili na tunaona picha ya jarida imeishia kwenye bango la Nyali Bridge bila senti ya ziada. Andika kabla ya kazi: picha ni za nani, zitumike wapi, kwa muda gani, na nusu ya pesa itangulie. Aliyepigwa naye asaini idhini yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu picha yake ikitumika kibiashara, na Ofisi ya Kamishna wa Data imeshazitoza faini biashara zilizopuuza. Fomu hiyo iandike kwa Kiswahili, msomee kama macho hayaoni vizuri, mweleze wazi kama picha itaenda kwenye tangazo, na umwachie nakala yake.