Alizeti na risasi kwenye udongo
Je, kupanda alizeti kutasafisha udongo wenye risasi, ile metali yenye sumu (lead)? Hapana, alizeti haitoi risasi ardhini kwa msimu mmoja wala miwili. Madini hayo hushikamana na chembe za udongo, hasa usipokuwa na tindikali, na kile kidogo kinachofyonzwa hubaki zaidi mizizini. EDTA, kemikali inayoshika metali, huilegeza risasi kweli, ila mvua huishusha hadi kwenye maji ya ardhini, usijaribu. Mimea pori hufaa zaidi kwa sumu nyingine: kangaga Pteris vittata hukusanya aseniki majanini, na mmea mdogo Noccaea caerulescens hukusanya zinki na kadimi. Hata hapo ni miaka, si miezi. Vuna kabla majani hayajapukutika, na usiyafanye mboji wala kulisha mifugo, maana metali haiozi. Kwa risasi, afadhali nyasi za kudumu zizuie vumbi.