Mtindi unavutika kama mlenda, wateja wanasema nimetia unga wa muhogo

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nauza mtindi hapa Mikindani, nachemsha maziwa yakipoa naweka vijiko viwili vya mtindi wa jana. Wiki mbili hizi ukichota unavutika kama mlenda, uchachu uleule na harufu nzuri tu, ila wateja wanasema nachanganya unga wa muhogo. Nimeumia sana. Hii kitu ni nini?

JIBU: Marahaba mama, pole sana, na mimi nakuamini. Huo utelezi wanautengeneza bakteria wenyewe wanaogandisha maziwa, kama Streptococcus thermophilus, sio wote lakini baadhi ya aina zake. Sukari ya maziwa wanaigeuza asidi ndo unapata uchachu, na kidogo yake wanaiunga kuwa nyuzi ndefu wanazitoa nje ya mwili wao, na nyuzi hizo zinashika maji ndo maana mtindi unakuwa mzito.

Sasa hapa ndo penye utamu. Chukua shanga za kiunoni, nyekundu mbili, nyeupe moja, bluu moja, halafu unarudia hivyohivyo mpaka mwisho wa uzi. Nyuzi za bakteria ziko hivyo, kipande cha sukari 3 mpaka 8 kinajirudia mara mamia hata maelfu, na rangi zake ni aina za sukari, galaktosi, glukosi, mara nyingi na ramnosi, tena vingine vina tawi pembeni. Wanga wa muhogo ni shanga za rangi moja tu, glukosi mwanzo mwisho. Na nyuzi hizi hazihitaji kuwa nyingi, lita nzima inaweza kuwa na miligramu mia hivi na bado kijiko kikavuta! Kule Ufini wana mtindi wao unaitwa viili, wanaupenda hasa kwa kuvutika.

Ukitaka kuwaonyesha wateja, nunua iodini duka la dawa, tia tone kwenye kijiko cha mtindi na tone lingine kwenye uji wa muhogo uliopoa. Wa muhogo utageuka bluu nyeusi palepale, wako hautageuka. Kijiko hicho mwaga, usimpe mtu.

Ila mama, maziwa mabichi yakianza kuvutika kabla hata hayajachacha, hao ni bakteria wengine, mara nyingi wa maji machafu au chombo kisichooshwa vizuri, hayo mwaga yote. Na kama wateja hawautaki utelezi kabisa, badilisha mtindi wa kuanzishia, chukua kwa jirani ambaye wake hauvutiki, ndoo na mwiko umwagie maji yanayochemka kwanza.